Kutembeza ndege ardhini usiku wenye ukungu: mwongozo kamili kuanzia maegesho hadi barabara ya kurukia

Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2001, kwenye uwanja wa Linate mjini Milan, ndege ndogo aina ya Cessna Citation ilipewa kibali cha kupita kiungio R5. Kibali kikarudiwa sawasawa kwenye redio: R5. Kisha ndege ikaingia R6. R5 ilielekea kaskazini na kuzunguka ncha ya barabara ya kurukia. R6 ilielekea kusini-mashariki na kuikata barabara yenyewe. Ukungu ulikuwa mzito, rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi, na alama za lami zilikuwa zimefifia. Ndege ya abiria MD-87 ya shirika la SAS iliyokuwa imeshika kasi ya kuruka iliigonga Citation hiyo, na watu 118 wakafa.

Kutupia dira jicho mara moja kungetosha kutofautisha kaskazini na kusini-mashariki. Hilo ndilo jambo la kushika kabla ya mengine yote: rubani anayejua kwamba amepotea husimama, na akisimama yu salama. Hatari ni yule mwenye hakika asiyekuwa na ushahidi. Kwa hiyo katika kila makutano, gizani na kwenye ukungu, usiendelee mpaka mashahidi watatu wakubaliane: kibao, dira na rangi ya taa. Mmoja akipinga, simama.

Katika maelezo haya, barabara ya kurukia ni ile ya kuruka na kutua. Kiungio ni njia inayoiunganisha na maegesho. Mstari wa kusubiri ni ule uliochorwa kwenye kiungio kabla ya kuingia barabarani. Mengi yanamhusu rubani wa Cessna 172 sawa na nahodha wa Boeing 777, na pale yanapotofautiana tutasema.

Kabla ya kuwasha injini

Kazi kubwa hufanyika ndege ikiwa bado imeegeshwa. Soma NOTAM za uwanja, yaani matangazo rasmi kwa marubani, ukitafuta vitu vitatu: viungio vilivyofungwa, taa zisizofanya kazi, na ujenzi unaoendelea. Tarehe 31 Oktoba 2000, Boeing 747 ya Singapore Airlines iliruka usiku kutoka Taipei katika mvua kali ya tufani kwa kutumia barabara 05R badala ya 05L iliyo sambamba nayo. 05R ilikuwa na mitambo ya ujenzi katikati yake. Watu 83 walikufa. Kufungwa kwa sehemu ile kulikuwa kumetangazwa, na wafanyakazi wa ndege walikuwa na taarifa hiyo. Ndiyo maana kusoma NOTAM peke yake hakutoshi: chora msalaba kwenye ramani pale palipofungwa, ili jicho likutane nao wakati wa kutembea.

Kisha sikiliza ATIS, matangazo ya redio ya hali ya uwanja. Angalia RVR, yaani umbali wa kuona unaopimwa kando ya barabara ya kurukia. Ikishuka chini ya mita 550, viwanja vingi vyenye vifaa huwa tayari vimetangaza taratibu za mwonekano hafifu. Marekani kikomo cha mpango wa namna hiyo ni futi 1,200. Maana yake kwako ni kwamba njia za kutembelea zinaweza kubadilika, baadhi ya viungio hufungwa, na mara nyingi kuna ramani ya pekee ya hali hiyo. Itoe na uiweke juu ya nyingine zote.

Ujue pia mwongoza ndege anaona nini. Penye ukungu mzito mnara hauoni kitu, na kama uwanja hauna rada ya ardhini, picha yote aliyonayo kichwani ni yale unayomwambia. Ukimwambia uko mahali ambapo haupo, atapanga ndege nyingine kwa kufuata kosa lako.

Jiulize pia ukungu unaelekea wapi. Ukungu wa ardhi iliyopoa usiku, kama ule wa nyanda za juu za Mbeya au wa Nairobi alfajiri, mara nyingi huzidi kuwa mzito muda mfupi baada ya jua kuchomoza, kabla haujaanza kuinuka. Anayeondoka maegeshoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi akitumaini kwamba kunapambazuka anaweza kufika mstari wa kusubiri akaona mbele kidogo kuliko alivyoanza.

Chora njia yako kwa penseli. Andika mwelekeo wa dira wa kila kipande cha njia, na idadi ya makutano utakayoyapita kabla ya kukunja. Mfano: "Kutoka maegeshoni kulia, dira 060, pita makutano mawili, la tatu kushoto, dira 330, simama kwenye mstari wa kusubiri." Zungushia duara kila sehemu ambapo njia yako inakatiza au kukaribia barabara ya kurukia, pamoja na yale maeneo tete ambayo ramani yenyewe imeyaonyesha. Isome njia hiyo kwa sauti. Mkiwa wawili, mwenzako aifuate kwa kidole kwenye ramani yake, na aseme asipokubaliana nawe.

Malizia kazi zote za kuinamisha kichwa: kuingiza njia kwenye kompyuta ya ndege, kupanga masafa ya redio, maelezo ya kuruka, hesabu za uzito. Ndege ikianza kutembea, macho yako si mali ya kompyuta tena. Orodha ya ukaguzi inayobaki isomwe ndege imesimama, breki ya kuegeshea ikiwa imefungwa. Kwenye ndege ya rubani mmoja hili halina mjadala.

Macho na kioo navyo vina maandalizi yake. Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mkali wa sekunde chache huyarudisha nyuma. Punguza taa za dashibodi na skrini mpaka usome bila kukaza macho. Usisome ramani kwa tochi nyekundu kama ramani ina alama nyekundu, kwa sababu zitapotea. Futa kioo cha mbele nje na ndani. Umande wa alfajiri na alama za mikono, ambavyo mchana havikusumbui, usiku hutawanya kila taa iliyo mbele na kuifanya nyota yenye miale. Washa hewa ya kuondoa mvuke kwenye kioo kabla mvuke haujaingia.

Mwisho, linganisha kiashiria cha mwelekeo na dira ya sumaku ndege ikiwa imetulia. Kwenye ndege ndogo yenye kiashiria cha jairo (gurudumu linalozunguka kwa kasi), tofauti ya nyuzi 20 ni jambo la kawaida asubuhi, na kiashiria kisichorekebishwa ni shahidi wa uongo.

Rangi za taa na vibao

Hizi zijue usingizini. Kwenye ukungu huenda usione umbo la kitu chochote. Utaona rangi tu.

- Buluu: kingo za kiungio. Uko kwenye kiungio au ukingoni mwa maegesho.
- Kijani katikati: mstari wa kati wa kiungio. Kwa kawaida taa hizi huachana mita 30 penye mnyoofu na hukaribiana kwenye kona. Viwanja vilivyojengwa kwa RVR ya chini ya mita 350 huziweka kila mita 15.
- Kijani na njano zikipishana: unatoka au unakaribia kuingia barabara ya kurukia, na bado uko ndani ya eneo linalolindwa.
- Nyeupe kingoni: barabara ya kurukia. Kama kuna nyeupe katikati pia, hakuna shaka tena.
- Njano mbili mbili zinazopokezana kuwaka: taa za tahadhari, barabara ya kurukia iko mbele yako.
- Njano tatu zisizomweka, zikikata kiungio: kituo cha kusubiri cha katikati ya njia.
- Nyekundu zilizopangwa kukata kiungio, kila mita 3: taa za zuio. Hapa ndipo mwisho wako.

Kwa vibao: maandishi meupe juu ya nyekundu ni amri, herufi ya njano juu ya nyeusi ni mahali ulipo, nyeusi juu ya njano ni mwelekeo wa kwenda kwingine. Wanaoanza huchanganya hivi viwili vya mwisho, wakafikiri wako kwenye kiungio ambacho kibao kilikuwa kikiwaonyesha tu njia ya kukifikia.

Mstari wa kusubiri wenyewe una mistari minne ya njano: miwili isiyokatika upande wa kiungio, miwili ya vipande upande wa barabara ya kurukia. Ukiona isiyokatika kwanza, simama mpaka uruhusiwe. Alama ya pili, yenye umbo la ngazi iliyolazwa, hutumika kwa taratibu za mwonekano hafifu zaidi na huwa mbali zaidi na barabara. Ukungu ukiwa umetangazwa, simama kwenye hiyo, kwa sababu ndege yako ikisogea inaweza kuvuruga mawimbi ya redio ya ILS, mfumo unaomwongoza anayetua. Kwenye barabara kubwa yenye ILS umbali wa mstari kutoka katikati ya barabara kwa kawaida ni mita 90. Unapotoka barabarani, mkia wako nao lazima uwe umeuvuka mstari huo.

Mvua ina ubaya wake. Lami iliyolowa usiku hurudisha mwanga wa taa zako mbele, si kwako, na rangi ya njano inazama. Tegemea taa na vibao. Mistari iliyochorwa huenda usiione kabisa.

Kibali na redio

Andika kibali, hata kikiwa kifupi. Linganisha na njia uliyochora. Kisha rudia. Kila agizo la kuingia, kukata, kurudi nyuma juu ya barabara ya kurukia au kusubiri nje yake ni lazima lirudiwe pamoja na namba ya barabara na jina la ndege yako. "Roger" (nimesikia) si jibu. Ukipewa njia tofauti na uliyoandaa, usianze kuitembea huku ukiisoma: simama, ichore upya, ndipo uondoke. Mwongoza ndege aliyeambiwa "subiri kidogo" hachukii.

Maneno ya nyongeza ndiyo hutega. Tarehe 2 Januari 2024, usiku, kwenye uwanja wa Haneda mjini Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani aina ya Dash 8 iliambiwa kwamba ni namba moja, itembee hadi kituo cha kusubiri C5. Iliingia barabarani na kusimama, ikagongwa na Airbus A350 ya Japan Airlines iliyokuwa ikitua. Watu watano wa Dash 8 walikufa; wote 379 wa A350 waliokoka. Namba moja ni nafasi kwenye foleni. Ruhusa ya kuingia barabarani ina maneno yake maalumu, "line up and wait" (ingia ujipange usubiri) au "cleared for take-off" (umeruhusiwa kuruka), pamoja na namba ya barabara. Usipoyasikia, hujaruhusiwa, hata kama kila kitu kingine kinaashiria kwamba zamu ni yako.

Sikiliza pia wengine. Kwenye ukungu redio ndiyo dirisha lako: ndege iliyoruhusiwa kutua, iliyo kwenye kiungio mbele yako, inayovutwa na trekta. Kwa uwanja usio na mwongoza ndege, tangaza ulipo na unapoelekea kabla ya kutoka maegeshoni, kabla ya kuingia barabarani na baada ya kutoka.

Kuondoka maegeshoni na kasi

Taa nyekundu ya kumweka iwake kabla ya injini, ili watu wa ardhini wajue. Taa ya kutembelea iwake unapotembea na izimwe unaposimama. Wenzako wataelewa kwa hiyo tu kama unaenda au umesubiri. Ipunguze au izime ikimlenga mtu anayekuongoza au chumba cha marubani kilicho mbele yako. Taa za kutulia kwenye ukungu mzito hujenga ukuta mweupe mbele ya pua. Jaribu bila hizo na uone tofauti.

Toa nguvu ndogo ya kuanzia, kisha irudishe. Kwenye A320 kikomo cha kawaida cha kuanzia kutembea ni asilimia 40 ya N1 (kasi ya feni ya injini), na usiku hujui nani au nini kimesimama nyuma yako. Jaribu breki ndani ya mita chache za kwanza.

Kasi ndiyo inayoamua kama utasimama kabla ya kile usichokiona. Hesabu ni hii, tukichukulia sekunde 2 za kutambua na kukanyaga breki, na upunguzaji wa kawaida wa mita 1.5 kwa sekunde katika kila sekunde:

- Noti 10 (kilomita 18.5 kwa saa): utahitaji kama mita 19.
- Noti 20: kama mita 56.
- Noti 30: kama mita 110.

Hiyo ni juu ya lami kavu. Ongeza eneo lililofichwa chini ya pua, kwa sababu rubani wa ndege kubwa haioni lami iliyo karibu naye. Kwenye 747 macho yako zaidi ya mita 8 juu ya ardhi. Sasa pima unachoona: kama taa za kijani zimepangwa kila mita 15 na unaona nne mbele yako, una mita 60 tu. Kwa hiyo noti 10 ndicho kikomo cha busara kwenye ukungu, na kwenye kona pungufu ya hapo. Soma kasi ya ardhini kwenye skrini au GPS. Ukikaa juu sana na bila miti wala majengo ya kulinganisha, noti 25 huhisiwa kama noti 10. Na ukitoka tu kwenye kasi ya kutua, hisia hudanganya zaidi.

Katika kona za ndege ndefu, gurudumu la pua liko nyuma yako na magurudumu makuu nyuma zaidi: mita 12.64 kati ya gurudumu la pua na makuu kwenye A320, na mita 31.2 kwenye 777-300ER. Vuka mstari kidogo kabla ya kukunja, kwa kadiri kitabu cha ndege yako kinavyosema, la sivyo magurudumu ya ndani yatakata kona na kuingia kwenye majani. Ncha ya bawa nayo husogea nje kuliko unavyotarajia. Mstari wa kati unakuhakikishia nafasi ikiwa tu yule mwingine ameegesha mahali pake, jambo usiloweza kulipima kwa macho gizani. Ukitilia shaka, simama uombe mtu wa kuangalia bawa. Breki ya kuegeshea haijawahi kuvunja ncha ya bawa.

Na unaposimama, simama kweli. Ukungu unaopita mbele ya kioo hukufanya uhisi unasogea wakati umetulia, na kinyume chake: ndege inaweza kujongea polepole bila wewe kujua, hasa unapopima injini ya ndege ndogo. Funga breki ya kuegeshea na utafute taa moja ya pembeni ya kulinganishia.

Katika viwanja vya pembezoni, mbwa, fisi na mifugo hupenda joto la lami usiku. Omba gari likague barabara kwanza, na ulisubiri likutoe wasiwasi kwa redio.

Makutano

Hatua ni hizi, kila mara, hata kwenye uwanja wa nyumbani:

1. Kabla ya kufika, taja kwa sauti kinachokuja: "Makutano ya pili, naenda moja kwa moja, dira ibaki 060."
2. Punguza kasi mpaka uweze kusoma kibao kizima.
3. Soma kibao. Taja ulipo, kisha unapoelekea.
4. Kunja, na mara pua ikinyooka soma dira. Ilingane na ile uliyoiandika.
5. Angalia rangi. Kama ulitarajia kijani na buluu, na umeona nyeupe, simama hapohapo na useme.
6. Weka alama ya penseli kwenye ramani.

Ramani inayosogea kwenye tableti inasaidia kujua sehemu ulipo, lakini usielekeze ndege kwa kuifuata. Alama ya ndege inaweza kuwa kando kwa mita kadhaa, na mchoro wa uwanja unaweza kuwa wa zamani kuliko kiungio kipya. Tena humfanya mtu ainamishe kichwa pale anapopaswa kutazama nje. Mkiwa wawili, asiyeendesha ndiye aitazame.

Kosa la kuhesabu makutano ni la zamani. Huko Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 ya Pan Am ilikuwa ikitembea juu ya barabara ya kurukia kwenye ukungu ikitakiwa kutokea kiungio cha tatu. Ilikipita, na 747 ya KLM ikaanza kuruka ikiielekea. Watu 583 walikufa. Sababu za ajali ile ni nyingi, na kubwa zaidi ni KLM kuanza kuruka bila kibali, lakini viungio visivyosomeka kwa urahisi viliiacha Pan Am barabarani muda mrefu zaidi. Ukiambiwa "kile cha tatu" na huna hakika hesabu inaanzia wapi, omba jina la kiungio.

Kwenye barabara ya kurukia

Taa nyekundu za zuio zikiwaka, usivuke. Hata ukipewa kibali kwa mdomo, usivuke: mwambie mwongoza ndege kwamba zimewaka na usubiri zizimwe. Zikizimwa, taa za kijani zilizo mbele yake huwaka kukuingiza. Zikiharibika, uwanja una utaratibu wa dharura, mara nyingi wa gari la kuongozea. Neno la mwongoza ndege peke yake halitoshi kuchukua nafasi yake.

Kabla ya kuvuka mstari, kila mkaaji wa chumba cha marubani aseme kwa sauti namba ya barabara na kwamba kibali kimepatikana. Mmoja akinyamaza au kusita, msiingie, ulizeni tena. Tazama kushoto na kulia hata kama unaona ukungu tu, kwa kuwa taa kali za kutulia hutangulia ndege. Angalia kifaa cha kuonyesha ndege nyingine ikiwa unacho. Washa taa za kumweka za mabawa unapoingia barabara yoyote ya kurukia, hata kwa kuikata tu. Zikikuzuia kuona kwa mng'ao wa ukungu, zizime na ukamilishe kuvuka kwa haraka ya kiasi.

Viwanja vingi vya Afrika Mashariki vina barabara moja isiyo na kiungio hadi ncha, hivyo lazima urudi juu ya barabara yenyewe mpaka mwisho kisha ugeuke. Huko hakuna kijani cha kukuongoza. Kaa mstari wa kati na utazame kingo. Penye taa za tahadhari za mwisho wa barabara upande huo, nyeupe za kingoni hugeuka njano katika mita 600 za mwisho, na za katikati hupishana nyekundu na nyeupe kuanzia mita 900, kisha nyekundu tupu katika mita 300. Zikianza kugeuka, punguza kasi. Nyekundu zinazokata barabara ndizo mwisho wa lami. Ukishageuka, soma dira kabla ya kitu kingine chochote: kugeuka nyuzi 180 ndani ya ukungu huvuruga hisia ya mtu yeyote.

Sasa hakikisha barabara ni yenyewe. Tarehe 27 Agosti 2006, kabla ya mapambazuko, ndege ya Comair huko Lexington, Kentucky, iliruka kutoka barabara 26 yenye futi 3,500 badala ya barabara 22 yenye futi 7,003. Alama ya mwelekeo kwenye kiashiria ilikuwa imewekwa nyuzi 227. Ndege ilikuwa imeelekea 266. Barabara ile haikuwa na taa hata moja. Watu 49 walikufa. Kwa hiyo usiku, barabara isiyo na taa ni jibu tosha: hapana.

Lakini kule Taipei dira isingesaidia, kwa kuwa 05L na 05R zinaelekea sawa. Pale rangi ndiyo ingesema: 05R ilikuwa na kijani katikati kama kiungio, wakati 05L ilikuwa na nyeupe. Ndiyo sababu tunataka mashahidi watatu, na kwenye barabara tunaongeza wa nne na wa tano: namba iliyoandikwa kwenye lami, na sindano ya ILS iliyokaa katikati ikiwa barabara hiyo ina ILS na umeweka masafa yake.

Usikae barabarani usiku bila sababu, hasa katikati ya barabara kwenye makutano ya kiungio. Tarehe 1 Februari 1991, Los Angeles, Boeing 737 ya USAir ilitua juu ya ndege ndogo ya SkyWest iliyokuwa ikisubiri kuruka; taa za nyuma yake zilizama kati ya taa za barabara. Watu 35 walikufa. Mamlaka ya Marekani, FAA, hushauri kusimama kama futi 3 kando ya mstari wa kati ili taa zako zitenganishwe na za barabara, na kuuliza mnara sekunde 90 zikipita bila kibali cha kuruka. Ukisikia mwingine akiruhusiwa kutua kwenye barabara uliyopo, usihesabu sekunde: sema mara moja. Taa za kutulia ziwashwe ukipata kibali cha kuruka.

Ukipotea

Dalili ya kwanza ni kujikuta ukitafuta maelezo ya jambo lisilolingana: "labda kibao kimegeuzwa", "labda dira inachelewa". Hapo umeshapotea.

Simama. Funga breki ya kuegeshea. Mwambie mwongoza ndege: jina la ndege, kwamba umesimama, kwamba hujui ulipo, na kitu cha mwisho ulichokisoma kwa hakika. Usiseme unapodhani ulipo kana kwamba unajua. Eleza unachokiona: rangi za taa, maandishi ya kibao, mwelekeo wa dira. Kisha omba gari la kuongozea, na usisogee mpaka ulione.

Hali moja hubadilisha utaratibu: ukishuku kwamba uko kwenye barabara ya kurukia. Sema hilo kwanza, kabla ya maelezo mengine, ili kila aliye kwenye masafa asikie. Washa taa zote. Kama unaona njia ya kutokea, toka sasa hivi. Tarehe 3 Desemba 1990 mjini Detroit, DC-9 ya Northwest ilipotea kwenye ukungu na kuingia kwenye barabara iliyokuwa ikitumika. 727 ya shirika hilohilo iliyokuwa ikiruka iliigonga, na watu 8 wakafa. Katika hali ile kila sekunde ya kujadiliana ndani ya chumba cha marubani ni sekunde ambayo mnara haujui.

Baada ya kutua

Uchovu wa safari na faraja ya kufika hufanya sehemu hii ipuuzwe. Jua kabla ya kushuka ni kiungio gani utakitokea na kitafuata nini. Maelezo ya kutua yawe pamoja na maelezo ya kutembea. Punguza hadi kasi ya kutembea ukiwa bado kwenye mstari wa kati, ndipo ukunje. Endelea mpaka taa za kijani na njano ziishe na ziwe kijani tupu, na mkia uwe umevuka mstari wa kusubiri. Kisha useme umetoka barabarani. Ukisema mapema, mwongoza ndege asiyekuona atamruhusu anayefuata atue.

Kurudisha mabawa ya kutulia (flaps), kugusa transponda (kifaa kinachojibu rada), simu kwa kampuni: vyote vingoje mpaka umesimama au umefika kwenye kiungio kisicho na makutano karibu. Acha transponda ikiwa imewashwa kwenye viwanja vyenye rada ya ardhini, kwa sababu hiyo ndiyo inayokupa jina kwenye skrini ya mnara.

Kwenye maegesho, ingia tu ukiona mtu wa kuelekeza mwenye fimbo za taa au mfumo wa kuongozea uliowaka na kuonyesha aina ya ndege yako. Fimbo zikipotea machoni hata kwa sekunde moja, simama. Taa nyekundu ya kumweka ibaki inawaka mpaka injini ziache kuzunguka, kwa sababu usiku wa ukungu watu wa ardhini huisoma hiyo kabla ya kusogea na vizuizi vya magurudumu.